Kinyesi cha kuku kinaeleza nini kuhusu afya ya utumbo wake?

Katika Minago, kaskazini mwa mji wa Rumonge, siku huanza kwa ufagio. Wavuvi bado wanapakua ndagala mwaloni, jua halijapanda juu ya milima inayoliegemea Ziwa Tanganyika, na tayari nyua zimekwisha kufagiwa. Pamoja na majani makavu na maganda ya muhogo, hufagiliwa mbali kitu kimoja ambacho mfugaji alipaswa kukitazama kwanza: kinyesi ambacho kuku wake wamekiacha usiku kucha chini ya kichanja walicholalia.

Kuku ni mnyama anayewindwa tangu asili, na kiumbe anayewindwa hajitangazi kuwa ni dhaifu. Huweza kuugua kwa siku kadhaa huku akitembea na wenzake, akijifanya anadonoa, akikimbilia mtama unapomwagwa. Siku anapojikunyata pembeni, mbawa zimeshuka na macho yamefumba nusu, mara nyingi muda wa kumsaidia umekwisha kupita. Utumbo, hata hivyo, hauwezi kuficha. Mara kumi na zaidi kwa siku huacha chini taarifa ya kilicholiwa, kilichomeng'enywa na kilichoshindikana.

Kwa familia inayofuga kuku sita au saba wa kienyeji kando ya nyumba, taarifa hiyo si jambo dogo. Kuku hao ndio daftari la shule, ndio nauli ya kwenda hospitali ya Rumonge au Bujumbura, ndio mlo wa mgeni asiyetarajiwa. Ugonjwa mmoja unaweza kuwamaliza wote kwa muda wa wiki moja. Lakini hasara ya pili, ambayo haizungumzwi sana, hutokana na kuisoma taarifa hiyo vibaya: mfugaji anaona kinyesi cha kawaida kabisa, anaingiwa na hofu, anamwaga vidonge katika maji ya kunywa, na mayai yenye masalio ya dawa yanaishia kwenye sahani ya watoto wake.

Ndiyo maana wataalamu wa mifugo husisitiza jambo hili: rangi ya kinyesi huonyesha kwamba kuna jambo, lakini peke yake haitaji jina la ugonjwa.

Sehemu tatu katika tone moja

Kuku hana kibofu cha mkojo. Mabaki ya chakula kutoka utumboni na taka za damu kutoka kwenye figo hukutana katika chumba kimoja cha mwisho na kutoka kwa tundu moja, tundu hilohilo linalopitisha yai. Kwa sababu hiyo kinyesi cha kuku mzima kina sehemu zinazotofautiana waziwazi kwa macho. Iko sehemu ngumu kiasi, ya kahawia au ya kijani kilichokolea, yenye umbo linalosimama. Juu yake ipo kofia nyeupe mithili ya chokaa. Na pembeni huwapo unyevu kidogo unaokauka haraka.

Ile kofia nyeupe ndiyo mkojo wa kuku. Mamalia hutoa taka za protini zikiwa zimeyeyushwa katika maji mengi, ilhali ndege huzibadilisha kuwa asidi ya yuriki, unga mweupe usiohitaji maji mengi kuondolewa mwilini. Anayetaka kujua habari za utumbo hutazama ile sehemu ya kahawia. Anayetaka kujua habari za figo na maji hutazama nyeupe na ule unyevu. Kosa la kwanza la wafugaji wengi ni kuziangalia sehemu hizo kama kitu kimoja.

Chukua mfano wa jambo linalosumbua sana pwani ya ziwa: kinyesi chenye maji. Bonde la Imbo, ambamo Minago na Rumonge zimo, lina joto kuliko nyanda za juu za Burundi, na kuku asiyekuwa na tezi za jasho hujipoza kwa kuhema na kunywa. Alasiri yenye jua kali, kuku mwenye afya njema anaweza kuacha dimbwi dogo la maji. Ukichungulia katikati ya dimbwi hilo, utakuta kipande kigumu kimekaa salama, hakijavunjika umbo. Huko si kuhara. Ni mkojo mwingi tu. Kuhara ni pale ile sehemu ya kahawia yenyewe inapopoteza umbo, ikawa uji, ikachanganyika na nyeupe na kuenea. Tofauti hiyo ndogo ingewaokoa kuku wengi na dawa wasizozihitaji.

Chumvi nayo huleta jambo lilelile. Kuku wa mwaloni hula wanachokikuta, na hukuta mengi: vichwa vya samaki, ndagala waliodondoka vichanjani, masalio ya samaki waliotiwa chumvi ili wasioze. Kuku aliyekula chumvi nyingi hunywa kupita kiasi na kinyesi chake hugeuka maji. Kiasi kikubwa zaidi kinaweza kumuua, hasa kifaranga, na hasa pasipo maji safi karibu. Dawa ya kwanza hapo ni maji ya kunywa na kuwazuia kuku wasifike mahali samaki wanapotiwa chumvi.

Kile kinachotisha bure

Miongoni mwa vinyesi vya kila siku kimo kimoja ambacho kwa sura na kwa harufu kinafanana na ugonjwa. Ni laini, kinanata, kina rangi ya chokoleti au ya haradali iliyokolea, mara nyingi hakina kofia nyeupe, na harufu yake humfanya mtu ageuze uso. Kuku wa kawaida hutoa kinyesi cha namna hii takriban mara moja katika kila mara nane hadi kumi.

Hutoka katika vifuko viwili virefu vilivyopo pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Vifuko hivyo vina mlango mmoja tu, chakula huingia na kutokea palepale, na ndani yake bakteria huchachusha nyuzinyuzi ambazo tumbo halikuweza kuzimeng'enya. Kinachotoka ni zao la uchachushaji huo. Kukiona mara chache kwa siku ni dalili kwamba vifuko vinafanya kazi. Ni kinyesi hiki, pengine kuliko kingine chochote, kinachowapeleka wafugaji wapya kwenye duka la dawa.

Kuku anayeatamia naye hushangaza. Hashuki kwenye mayai yake ila mara moja au mbili kwa siku, akajibana muda wote huo ili asichafue kiota. Anaposhuka huacha donge kubwa, mara nyingine la ukubwa wa yai dogo, lenye harufu kali. Hana ugonjwa; ana subira.

Kisha kuna chakula. Kuku aliyeshinda akidonoa majani ya muhogo na mchicha atakuwa na kinyesi cha kijani. Rumonge ni nchi ya michikichi, na kuku wanaozunguka mahali mawese yanapokamuliwa hula nyama ya matunda hayo yenye mafuta na rangi nyingi. Si ajabu kinyesi chao kikawa laini na chenye wekundu wa chungwa, rangi ileile inayoonekana katika kiini cha mayai yao. Chakula hupita ndani ya kuku kwa saa chache tu. Kwa hiyo, anayeona rangi ngeni asubuhi ajiulize kwanza kuku walikula nini jana jioni, na awape chakula cha kawaida kwa siku moja. Rangi iliyoletwa na chakula huondoka na chakula. Ya ugonjwa hubaki, na aghalabu huja na dalili nyingine.

Damu

Hapa pana habari ndefu zaidi, kwa sababu damu ndiyo dalili inayohitaji uamuzi wa haraka, na pia ndiyo inayochanganywa na kitu kingine kisicho na hatari.

Utumbo wa kuku hubadilisha utando wake wa ndani mfululizo, na vipande vya utando uliochakaa hutoka pamoja na kinyesi. Huonekana kama ngozi laini ya rangi ya waridi au chungwa. Vikionekana mara mojamoja kwa kuku mkubwa anayekula na kutaga kama kawaida, havina maana mbaya. Vilevile, tetea anayeanza kutaga anaweza kuacha mchirizi mdogo wa damu kwenye ganda la yai au kwenye tundu. Hiyo haikutoka utumboni.

Damu inayotisha kweli ni ile mbichi, nyekundu, iliyochanganyika na kinyesi chenyewe, hasa ikitoka kwa vifaranga wenye umri wa kati ya wiki tatu na wiki nane. Mshukiwa wa kwanza ni koksidiosisi, ugonjwa ambao wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua kwa jina la kuhara damu. Husababishwa na vimelea vya seli moja vya jenasi ya Eimeria. Spishi saba kati ya hivyo hushambulia kuku, na kila moja ina sehemu yake ya utumbo. Inayojulikana zaidi, Eimeria tenella, hukaa katika vile vifuko viwili vya mwisho, na ndiyo sababu damu yake hutoka ikiwa nyekundu bila kumeng'enywa. Nyingine, Eimeria necatrix, hujenga katikati ya utumbo mwembamba, na kinyesi chake huwa na ute na damu iliyofifia kuwa nyeusi.

Kuelewa safari ya kimelea hiki kunasaidia kuelewa kwa nini kinyesi huchelewa kutoa onyo. Kifaranga humeza vijimbegu vyenye ganda gumu vilivyomo katika udongo au matandazo. Ndani ya utumbo vijimbegu hupasuka, vimelea huingia katika seli za ukuta wa utumbo, huongezeka na kuzipasua, kisha huingia katika nyingine. Damu huonekana siku ya tano au ya sita hivi baada ya kumezwa, na vifo vingi hutokea wakati huohuo. Vijimbegu vipya huanza kutoka na kinyesi baadaye kidogo. Hii ina maana kwamba kifaranga anaweza kuwa anatokwa damu na bado sampuli yake ikaonyesha vijimbegu vichache mno kwenye hadubini. Jibu la "hakuna kitu" siku hiyo halimaanishi kwamba hakuna ugonjwa.

Vijimbegu vinapotoka havina uwezo wa kuambukiza papo hapo. Vinahitaji hewa, joto na unyevu kwa siku moja au mbili. Ni masharti ambayo mwambao wa Tanganyika huyatimiza kwa ukarimu, hasa katika miezi ya mvua. Katika mwaka 2024, ziwa lilipopanda na maji kuingia katika makazi ya watu pwani ya Burundi, ardhi iliyozoea kukauka ilibaki na unyevu kwa muda mrefu. Mahali kama hapo, sakafu ya banda ndiyo hatari yenyewe.

Wengi hukimbilia dawa ya kuua vijidudu. Kwa bahati mbaya, ganda la vijimbegu hivi huhimili dawa nyingi za kawaida za kusafishia, hata ile ya kung'arishia nguo. Kisichohimiliwa ni ukavu na jua kali. Kuondoa matandazo yaliyolowa, hasa pembeni mwa chombo cha maji, na kuyaanika au kuyachoma, kunafanya kazi kuliko chupa ya dawa. Chombo cha maji kikiinuliwa juu ya tofali hadi usawa wa mgongo wa kifaranga, vifaranga hawatamwaga maji wala kukinyea.

Hapa pia ndipo tunapoelewa kitendawili ambacho wazee wa vijijini wamekiona kwa macho yao: vifaranga wanaozunguka na mama yao uwanjani huharisha damu kwa nadra, lakini kijana aliyenunua vifaranga hamsini na kuwafungia katika banda zuri la bati huwapoteza nusu. Kifaranga wa uwanjani humeza vijimbegu vichache vichache, mwili wake ukajifunza kupambana. Yule wa bandani humeza maelfu kwa siku moja. Si kwamba banda ni baya. Msongamano na sakafu iliyolowa ndivyo vinavyoua.

Tiba ipo na hufanya kazi ikiwahi. Dawa itumiwayo sana ni amproliamu, inayotiwa katika maji ya kunywa kwa muda ulioandikwa kwenye kifungashio, kwa kawaida siku tano hadi saba. Hutiwa katika maji kwa sababu kuku mgonjwa huacha kula kabla ya kuacha kunywa. Basi maji mengine yote yaondolewe. Dawa hii hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1. Mfugaji anayechanganya katika chombo kilekile unga wa vitamini, kwa nia njema ya kuwatia kuku nguvu, huenda anamlisha adui anayetaka kumshindisha njaa. Vitamini zisubiri hadi dozi imalizike.

Kijani, njano na nyeupe

Kinyesi cha kijani kibichi chenye maji, pasipo majani katika chakula, mara nyingi humaanisha jambo rahisi: kuku hajala. Nyongo huendelea kumiminika utumboni hata kama hakuna chakula cha kuipaka rangi nyingine, na hutoka ikiwa kijani. Swali basi si kwa nini ni kijani, bali kwa nini hakula. Mshike jioni, upapase gole, kile kifuko cha chini ya shingo. Kwa kuku aliyelishwa vyema huwa kimejaa wakati wa kulala. Kikiwa kitupu, tatizo lipo.

Jibu linaloogopwa kuliko yote ni mdondo, uitwao pia kideri. Ugonjwa huu wa virusi ulitambuliwa mwaka 1926 kisiwani Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, ambako ulipata jina lake la kimataifa. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu kuku wote. Kinyesi cha kijani ni sehemu tu ya picha. Kuku hukoroma na kuhema mdomo wazi, hupooza bawa au mguu, shingo hupinda, mayai hupungua ghafla au huja bila ganda, na kuku wa jirani nao wanakufa. Hakuna dawa ya kuuponya, na yeyote anayeuza vidonge kwa ahadi hiyo anauza maneno.

Kinachofaa ni chanjo kabla. Kwa vijiji visivyo na jokofu kila nyumba, chanjo inayostahimili joto ijulikanayo kama I-2, iliyotengenezwa Australia na kutumiwa nchini Tanzania na mataifa mengine ya Afrika, imerahisisha kazi hiyo: tone moja katika jicho la kila kuku, akiwamo kifaranga, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tone hilo hutolewa kwa kuku mzima. Kumpa aliyekwisha kuonyesha dalili hakumsaidii.

Njano iliyochanganyika na kijani kwa kuku wakubwa, upanga ukiwa umepauka na kuku akififia kwa siku kadhaa, huleta shaka ya homa ya matumbo ya kuku, inayosababishwa na bakteria wa jamii ya Salmonella. Ndugu yake wa karibu hushambulia vifaranga katika wiki zao mbili tatu za mwanzo. Kinyesi chao huwa cheupe kama uji wa chokaa, kikagandia manyoya na kuziba tundu. Bakteria huyo hupita ndani ya yai kutoka kwa mama, kwa hiyo tetea aliyenusurika anaweza kuonekana mzima huku akiwarithisha vifaranga ugonjwa. Mayai yake yasiatamiwe.

Hata hivyo, si kila kifaranga aliyezibwa na kinyesi ana maradhi hayo. Baridi ya usiku, safari ndefu ndani ya boksi au kukosa maji huleta hali hiyohiyo. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu hulainisha uchafu ukatoka. Tahadhari moja tu: kitovu cha kifaranga kipo chini kidogo ya tundu, na baadhi ya watu, kwa haraka ya kusafisha, hukivuta wakidhani ni uchafu uliokauka.

Nyeupe yenye maji mengi kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita, ikiambatana na kutetemeka na tabia ya kudonoa tundu lao wenyewe, huashiria gumboro, ugonjwa wa virusi uliopewa jina la mahali ulipoelezwa kwa mara ya kwanza, jimboni Delaware nchini Marekani, mwaka 1962. Nao kinga yake ni chanjo.

Kuhusu minyoo, macho yanatosha kwa sehemu. Vipande vyeupe bapa mfano wa punje za mchele ni sehemu za tegu, ambaye kuku humpata kwa kula wadudu waliombeba. Mnyoo mviringo mrefu, wa sentimita saba hadi kumi na mbili, akionekana kinyesini, basi ndani wamo wengi. Lakini kutoonekana kwao hakuthibitishi kitu, kwani mayai ya minyoo huhitaji hadubini.

Mashine inapojaribu kusoma

Kwamba kinyesi kinaweza kusomwa si imani ya vijijini tu. Katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, mjini Arusha, watafiti wakiongozwa na Dina Machuve walikusanya picha za vinyesi vya kuku katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kati ya mwaka 2020 na 2021. Zaidi ya picha 6,800 zilipewa majina palepale mashambani, na nyingine zaidi ya 1,200 zilithibitishwa maabara kwa kipimo cha PCR. Kompyuta ikafundishwa kuzigawa katika makundi manne: mzima, kuhara damu, salmonela na mdondo. Katika majaribio ilipatia zaidi ya mara 90 katika kila 100.

Ni mafanikio ya kujivunia, tena yaliyofanyika hapa Afrika Mashariki kwa picha za kuku wa hapa. Lakini mashine iliyofundishwa majibu manne ina majibu manne tu. Ukiionyesha kinyesi cha kuku aliyeshiba matunda ya mchikichi, au aliyelewa chumvi ya samaki, italazimika kuchagua moja kati ya hayo. Haijui kuku alikula nini. Mwenye kuku anajua, na kwa hilo amekwisha kuitangulia.

Namna ya kutazama

Tandika jani la mgomba au gunia kuukuu chini ya kichanja jioni, kisha ulitazame asubuhi kabla ya kufagia. Usiku kuku hukaa mahali pamoja, hivyo kila rundo lina mwenyewe. Usihukumu kwa kinyesi kimoja. Hesabu: kati ya ishirini, vingapi si vya kawaida? Kimoja au viwili vinavyonuka na kunata ni vya vile vifuko. Nane vilivyopoteza umbo ni habari nyingine. Rudia kwa siku mbili tatu, isipokuwa ukiona damu kwa vifaranga au vifo vinavyofuatana, hapo usisubiri.

Ukimshuku kuku mmoja, mfunike kwa tenga juu ya jani safi, umpe maji na chakula. Baada ya nusu siku utajua kama ni yeye. Kumtenga kunawalinda pia wengine, maana ugonjwa mwingi wa utumbo husafiri kutoka kinyesi hadi mdomo.

Kisha linakuja suala la dawa za binadamu. Katika sehemu nyingi za eneo hili ni jambo la kawaida kufungua kidonge cha tetrasaiklini na kukimwaga katika maji ya kuku wanaoharisha. Dawa hiyo haiui virusi vya mdondo wala haitibu kuhara damu. Inachofanya ni kuzoeza bakteria waliomo utumboni, na bakteria hao huhamia kwa watu. Pale daktari wa mifugo anapoagiza dawa, mfugaji aulize swali moja ambalo wauzaji husahau kulijibu: ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe?

Ikumbukwe pia kwamba kinyesi kizuri si kinyesi salama. Aina nyingine za salmonela, pamoja na bakteria aitwaye kampilobakta, hukaa katika utumbo wa kuku asiyeonyesha dalili yoyote, kofia nyeupe ikiwa mahali pake. Kwa mtoto anayetambaa kwenye uwanja uleule, vinaweza kuleta kuhara kubaya. Sabuni baada ya kukagua, na kuku wasilale mahali chakula kinapopikwa, ni mambo ambayo rangi ya kinyesi haiyaondoi.

Anayekwenda kwa mtaalamu wa mifugo abebe kinyesi cha asubuhi hiyo katika chombo safi chenye kifuniko, kisikae juani. Kuku akiwa amekufa karibuni, mzoga wake uliofungwa vizuri una majibu mengi zaidi, kwa kuwa utumbo ukipasuliwa huonyesha jeraha liko sehemu gani. Maabara ya mifugo mjini Bujumbura huweza kumalizia kazi hiyo. Mtaalamu atauliza umri wa kuku, ni wangapi kati ya wangapi wanaugua, ilianza siku gani, walichanjwa lini, na kama kuna kuku mgeni aliyeletwa kutoka sokoni katika wiki mbili zilizopita. Swali hilo la mwisho ndilo ambalo wengi hulijibu baada ya kunyamaza kidogo.